Data kwa mwanga: kwa nini ishara hupotea pembeni mwa chumba na kukatika kabisa mchana

*Swali la msomaji:* "Najenga mfumo wa kutuma data kwa mwanga ndani ya chumba. Darini nina taa moja ya LED nyeupe ya wati 9, na kipokezi kiko mezani, mita 2 chini yake, fotodayodi ikitazama juu. Natuma megabiti 1 kwa sekunde kwa kuwasha na kuzima taa. Chini kabisa ya taa data inafika salama. Nikisogeza kipokezi mita 2 pembeni, inaharibika. Mchana, mapazia yakiwa wazi, hakuna kinachopita hata chini ya taa, ingawa nimeweka kapasita ya kuzuia mkondo mnyoofu baada ya kikuza cha kwanza. Niliongeza taa ya pili yenye maikrokontrola yake, ikituma data ileile, na hali ikawa mbaya zaidi katikati ya taa hizo. Je, ninunue taa ya wati 30? Pia nimesoma kwamba mwanga unaodunda ukutani huharibu ishara. Nipake kuta rangi nyeusi? Baadaye nataka kufika megabiti 10."

Ndugu msomaji,

Asante kwa kueleza kila kitu kwa vipimo, maana wengi huandika tu kwamba "haifanyi kazi" na kutuachia kazi ya kubahatisha. Kutokana na maelezo yako, unaamini kwamba mwanga ni mchache na dawa yake ni wati. Mimi naona mwanga wako unatosha kwa megabiti 1 katika chumba kizima cha ukubwa wa kawaida. Kinachokusumbua zaidi kiko mezani, ndani ya kipokezi, na sehemu ndogo iko kwenye namna taa inavyowashwa na kuzimwa. Kwa hiyo ahirisha taa ya wati 30, na brashi ya rangi nyeusi iweke mbali kabisa.

Tufuate kwanza safari ya mwanga. Taa ya LED isiyo na lenzi hutawanya mwanga kwa kanuni ya Lambert: huwa mkali zaidi mbele yake, kisha hupungua kwa kosaini ya pembe kadiri unavyokwenda kando. Kipokezi kikiwa chini kabisa, umbali ni mita 2 na pembe ni sifuri. Ukikisogeza mita 2 pembeni, umbali unafika mita 2.8 hivi na pembe nyuzi 45. Hapo hasara tatu zinakujia kwa mpigo. Umbali peke yake unakata mwanga nusu. Pembe ya kutokea taani inabakiza asilimia 71 ya kilichosalia. Pembe ya kuingilia kwenye fotodayodi, kwa kuwa inatazama juu na si kuelekea taa, inabakiza tena asilimia 71. Ukizidisha zote, unabaki na robo ya mwanga uliokuwa nao.

Hapo wengi hukosea hesabu. Fotodayodi hutoa mkondo unaolingana na mwanga, na nguvu ya ishara kwenye sakiti inakwenda na mraba wa mkondo huo. Robo ya mwanga ni sehemu moja ya kumi na sita ya nguvu ya ishara, yaani umepoteza desibeli 12. Anayetoka kwenye redio amezoea kwamba nusu ya nguvu ni desibeli 3. Katika mwanga, nusu ni desibeli 6. Ndiyo maana mifumo hii huonekana mizima hatua moja na kufa hatua inayofuata. Kwa kuwasha na kuzima, uwiano wa ishara kwa kelele wa desibeli 13.5 hivi hukupa kosa moja katika biti milioni. Ukishuka hadi desibeli 9.8, makosa yanakuwa moja katika kila biti elfu. Chini ya desibeli 4 zinatenganisha data safi na data iliyochafuka.

Pamoja na hayo, sidhani kwamba desibeli 12 peke yake ndizo zinazokuangusha. Taa ya wati 9 hutoa lumeni 800 hivi, na ikitawanya kwa kanuni ya Lambert, mezani mita 2 chini yake inafika lux 64. Fotodayodi ya silikoni yenye uso wa milimita 7 za mraba itakupa hapo mkondo wa karibu nusu maikroampea. Ni mkondo mdogo, lakini kwa megabiti 1 kelele ya kipokezi kilichojengwa vizuri ipo kwenye nanoampea chache. Hata robo ya ishara yako inapita juu ya kelele hiyo kwa nafasi kubwa. Kama data inaharibika usiku, chumba kikiwa na giza la nje, mita 2 tu pembeni, mtuhumiwa wangu wa kwanza ni kizingiti, yaani kiwango cha volti kinachotenganisha 1 na 0.

Hukusema unaamuaje kwamba hii ni 1 na ile ni 0. Wengi wanaoanza huweka kilinganishi (sakiti inayolinganisha volti mbili) chenye volti moja isiyobadilika, wakaipima kipokezi kikiwa chini ya taa, wakaridhika. Kipokezi kikihamia pembeni, kilele cha ishara hushuka hadi robo na hakifiki tena kwenye kizingiti hicho. Kilinganishi kinaona sifuri tupu, ingawa ishara yenyewe ipo na ni safi. Ukiitazama kwa oskiloskopu, kifaa kinachochora ishara kwenye skrini, utaiona inacheza vizuri chini ya mstari ambao wewe mwenyewe umeuweka. Tiba yake ni kuacha kizingiti kifuate wastani wa ishara: pitisha ishara ileile kwenye rezista na kapasita ili upate wastani wake, kisha uupeleke kwenye mguu wa pili wa kilinganishi. Ishara ikishuka, kizingiti kinashuka nayo.

Njia hiyo ina sharti. Wastani lazima ukae katikati ya 0 na 1, na hautakaa hapo ukituma biti zako ghafi, kwa sababu mfululizo mrefu wa 1 utauvuta juu na mfululizo wa 0 utaushusha. Tumia usimbaji wa Manchester, ambao kila biti inabadilika katikati yake, mara juu mara chini, hivyo wastani hautikisiki. Gharama yake ni upana wa masafa mara mbili, jambo ambalo kwa megabiti 1 unalimudu. Faida ya pili ni kwamba jicho halitaona kumeta, kwani mwanga wa wastani haubadiliki data ikibadilika. Kiwango cha IEEE 802.15.7 (IEEE ni taasisi ya kimataifa ya wahandisi wa umeme), kilichotolewa mwaka 2011 kwa ajili ya mawasiliano haya, kinataka mabadiliko ya mwanga yasizidi kipindi cha milisekunde 5, na Manchester kwa kasi yako iko mbali sana na mpaka huo. Faida ya tatu ni kwamba sasa unaweza kuchuja kila kilicho chini ya makumi ya kilohezi bila kuumiza data, na pamoja nacho ukaondoa mtetemo wa hezi 100 au 120 unaotoka kwenye taa nyingine zinazotumia umeme wa gridi. Kwa tatizo la pembeni, ningeanza na badiliko hili kabla ya jingine lolote.

Sasa jua. Hapa kuna dhana mbili zilizochanganyika, na kapasita yako inatuonyesha mchanganyiko huo ulipo.

Dhana ya kwanza ni kwamba mwanga wa jua haubadiliki haraka, kwa hiyo kapasita itauzuia na mambo yataisha. Kapasita inazuia mkondo mnyoofu, ni kweli, lakini umeiweka baada ya kikuza cha kwanza. Kikuza hicho kinapokea mkondo wote wa fotodayodi, wa jua na wa taa kwa pamoja, na kuugeuza kuwa volti kupitia rezista ya mrejesho. Meza iliyo karibu na dirisha hufikiwa na lux 1,000 na zaidi kwa urahisi, na jua la moja kwa moja ni lux 100,000. Fotodayodi ya silikoni, zaidi ya hayo, inapenda mwanga wa infraredi kuliko tunaouona, na jua limejaa infraredi. Tuseme jua linaipa fotodayodi maikroampea 50, na rezista yako ni kiloomu 100. Ukizidisha, unapata volti 5. Kama sakiti inaendeshwa kwa volti 5, kikuza kimeshagonga dari yake na hakiwezi kwenda popote, kwa hiyo nusu maikroampea ya taa haina pa kuonekana. Kapasita inayofuata inapokea mstari ulionyooka, na hakuna chujio linaloweza kufufua kilichokwisha kukatwa. Hii ndiyo sababu ya ukimya kamili unaouona mchana, na unaweza kuithibitisha kwa dakika moja: weka voltimita kwenye tokeo la kikuza cha kwanza, funga pazia, kisha ulifungue. Volti ikikimbilia mwisho wa chanzo na kubaki hapo, umempata mwizi.

Dhana ya pili ni kwamba tukishaondoa kushiba huku kwa kikuza, jua halina madhara tena. Linayo, ila ni madogo kuliko watu wanavyohofia. Mkondo wa mwanga haumiminiki kama maji ya bomba. Unakuja kwa chembe moja moja za umeme, na hata jua likiwa tulivu kabisa, chembe hizo hugonga bila mpangilio, kama matone ya mvua ya kutwa juu ya bati: mvua ni ileile, lakini sikio linasikia mpasuko usiokoma. Mpasuko huo ni kelele halisi iliyo ndani ya masafa ya ishara yako, na hauchujiki. Unaongezeka kwa kadiri ya mkondo wote, uwe wa jua au wa taa. Kwa maikroampea 50 kelele hii, kwa hesabu ya nguvu, inazidi kelele ya joto ya rezista ya kiloomu 100 karibu mara 100. Inatisha ukiisikia hivyo. Lakini kwa upana wa megahezi 1 inafikia nanoampea 4 tu, na ishara yako chini ya taa bado inaipita.

Kutokana na hesabu hiyo tunapata kanuni ninayoipenda kwa unyenyekevu wake. Pima volti ya mkondo mnyoofu iliyo juu ya rezista ya mrejesho. Ikizidi milivolti 50 hivi, kelele ya chembe imeshaipita kelele ya joto ya rezista, na kuongeza rezista zaidi hakukuletei usafi wowote. Kwa hiyo mchana unaweza kushusha rezista kutoka kiloomu 100 hadi kiloomu 10. Volti ya jua itashuka kutoka 5 hadi nusu volti, kikuza kitapumua, na usafi wa ishara utapungua kwa chini ya nusu desibeli, kwa sababu kelele ya chembe bado ndiyo inayotawala. Ishara ikiwa ndogo kwa volti, ikuze kwenye hatua ya pili, baada ya kapasita yako, ambayo sasa itakuwa mahali pake panapostahili. Na kuna zawadi juu yake: kikuza kilekile, rezista ikipungua mara 10, huwa na kasi zaidi ya mara 3. Usiku utapoteza kidogo, lakini nimeshakuonyesha kwamba usiku una akiba.

Kama dirisha linatupa jua la moja kwa moja juu ya meza, hata kiloomu 10 haitatosha, kwani mkondo unaweza kufika miliampea. Hapo zipo njia mbili. Ya kwanza ni sakiti ndogo inayopima wastani wa tokeo na kuvuta mkondo wa jua nje ya fotodayodi kabla haujaingia kwenye kikuza. Inafanya kazi vizuri sana, ila inahitaji uvumilivu kuituliza isitetemeke yenyewe. Ya pili ni kivuli: ukingo mweusi mfupi upande wa dirisha, au kuhamisha meza. Usiidharau hii ya pili. Mwaka 1880 Alexander Graham Bell na msaidizi wake Charles Sumner Tainter walituma sauti kwa miale ya jua kwa zaidi ya mita 200, na jua ndilo lililokuwa taa yao. Kwako jua halibebi ujumbe wowote, kwa hiyo kila mwale wake unaouzuia ni faida.

Jambo moja la kuangalia kabla hujaenda mbali ni rangi ya kifuniko cha fotodayodi yako. Zile zenye kifuniko cheusi zimetengenezwa kwa rimoti: zinapitisha infraredi na kuzuia mwanga unaoonekana. Watu huzinunua wakidhani weusi ule ni kinga dhidi ya jua, kumbe wanaizuia taa yao wenyewe na kuliachia jua sehemu yake ya infraredi. Kwa kazi yako unataka yenye kifuniko kinachopitisha mwanga, na ukiweza, kichujio kinachozuia infraredi juu yake. Iwekee pia volti ya kinyume. Fotodayodi maarufu ya BPW34, kwa mfano, ina uwezo wa kapasita wa pikofaradi 70 hivi bila volti yoyote, na hushuka chini ya nusu ukiipa volti 3 kinyume. Uwezo huo wa kapasita ndio unaoipunguzia mwendo na kuongeza kelele ya kikuza kwenye masafa ya juu. Kwa sababu hiyo nakuonya usikimbilie fotodayodi kubwa: eneo likiongezeka mara 4 mwanga unaongezeka mara 4, lakini na mzigo wa kapasita unaongezeka mara 4.

Lenzi nayo huja akilini haraka. Kikusanyio bora cha kioo chenye kipeo cha kupinda mwanga cha 1.5 kinaweza kuzidisha mwanga mara 3 kikitazama nyuzi 60 kila upande, na mara 9 kikitazama nyuzi 30. Mara 9 ya mwanga ni desibeli 19, na hilo linavutia. Ila sasa kipokezi kinachotazama juu kwa nyuzi 30 hakiioni kabisa taa iliyo kwenye pembe ya 45. Umeongeza ishara pale ilipokuwa inatosha na kuizima pale ulipoihitaji. Kama kipokezi chako kinakaa mahali pamoja, weka lenzi na ukielekeze kwenye taa. Hata kukiinamisha tu bila lenzi kunakurudishia desibeli 3 pale pembeni. Kama kinahamahama, afadhali fotodayodi tatu au nne ndogo zilizoinamishwa pande tofauti, kila moja na kikuza chake, na maikrokontrola ichague inayosikia vizuri zaidi. Ni kazi zaidi, lakini ina faida ya ziada: ile inayotazama dirishani inaachwa nje ya hesabu yenyewe.

Tuhamie darini. Swali ambalo hukuuliza, na ningetamani ungeliuliza, ni taa yako inabadilika kwa kiasi gani hasa. Kipokezi hakijali mwanga ni mwingi kiasi gani, kinajali tofauti kati ya 1 na 0. Taa nyingi zina kapasita kubwa ndani ya kiendeshi chake (sakiti inayoilisha LED umeme) ili mwanga utulie, na kapasita hiyo inameza data yako: unaamuru izime, nayo inafifia kidogo tu. Taa inayocheza kati ya asilimia 80 na 100 inatuma tofauti ya asilimia 20. Ukiifanya icheze kati ya 20 na 100, tofauti inakuwa asilimia 80, mara 4 zaidi, nayo ni desibeli 12, zilezile ulizopoteza kwa kusogea mita 2. Chumba kitafifia kidogo kwa sababu wastani umeshuka, lakini hukuongeza wati hata moja.

Ili kufika huko, swichi yako ya MOSFET, yaani transista inayokata na kuunga mkondo, lazima iwe kati ya kapasita hiyo na LED, si kabla yake. Usikate mzigo wa kiendeshi cha mkondo thabiti: volti yake hupanda LED ikikatwa, na mpigo unaofuata unaweza kuiunguza. Tumia chanzo cha volti thabiti cha mkondo mnyoofu pamoja na rezista ya kudhibiti mkondo. Weka na rezista nyingine sambamba na LED ili chaji iliyobaki ndani yake ipate njia ya kutokea, la sivyo itawaka haraka na kuzimika polepole, na 0 zako zitakuwa na mikia.

Sasa uone taa ya wati 30 kwa haki. Mwanga mara 3.3 ni desibeli 10 zaidi, na sikatai kwamba hizo ni nyingi. Lakini utalazimika kukata na kuunga mkondo mkubwa zaidi kwa kasi ileile, uso mkubwa wa LED una uwezo mkubwa wa kapasita, kikuza kinachoshiba kwa jua kitaendelea kushiba, na aliyeketi chini ya taa ataumia macho. Ni chaguo la mwisho baada ya mengine.

Taa ya pili imekuwa mbaya kwa sababu rahisi. Kila maikrokontrola ina saa yake, na saa mbili hazilingani kamwe. Katikati ya taa, biti ya huyu inaangukia juu ya biti nyingine ya yule, na kipokezi kinajumlisha zote. Kutuma data ileile hakusaidii ikiwa haitumwi kwa wakati uleule. Endesha taa zote mbili kutoka kwenye waya mmoja wa ishara. Waya huchelewesha ishara kwa nanosekunde 5 hivi kwa kila mita, na biti yako ina nanosekunde 1,000, hivyo tofauti ya urefu wa nyaya haina neno. Hakikisha tu kwamba hakuna kiendeshi kinachogeuza ishara juu chini. Kama mmoja anawaka wakati mwingine anazima, katikati ishara zao zitauana kabisa.

Na kuta? Ulichosoma si uongo, ila kinahusu kasi kubwa kuliko yako. Mwanga husafiri sentimita 30 kwa nanosekunde. Njia inayopitia ukutani ikiwa ndefu zaidi kwa mita 3, mwanga huo unachelewa nanosekunde 10. Kwa megabiti 100 kwa sekunde hiyo ni biti nzima, na biti ya jana inamwagikia ya leo. Kwako ni sehemu moja ya mia ya biti. Toshihiko Komine na Masao Nakagawa wa Chuo Kikuu cha Keio, Japani, waliuchambua mfumo huu mwaka 2004 katika chumba cha mfano cha mita 5 kwa 5 chenye kimo cha mita 3, na mwingiliano wa biti walioushughulikia ni wa kasi kubwa kuliko yako. Wala usihofu yale mashimo ya ishara ambayo redio huwa nayo, sentimita chache hapa ipo, sentimita chache pale haipo. Uso wa fotodayodi ni maelfu ya urefu wa wimbi la mwanga, kwa hiyo unajumlisha na kusawazisha mabonde na vilima hivyo vyote. Ukuta mweupe hurudisha sehemu kubwa ya mwanga unaoupiga, na mtu akisimama kati ya taa na kipokezi, mwanga huo wa ukutani unaweza kuwa ndio pekee unaobaki. Acha kuta zako ziwe nyeupe.

Kuhusu megabiti 10, ugumu mpya utatoka ndani ya LED yenyewe. LED nyeupe ya kawaida ni chipu ya bluu iliyofunikwa na unga unaogeuza sehemu ya bluu hiyo kuwa njano, na macho yetu huona mchanganyiko wake kuwa mweupe. Chipu ya bluu huwaka na kuzima haraka, lakini ule unga huendelea kung'aa baada ya chipu kuzimwa. Kwa pamoja upana wa masafa huwa megahezi chache tu, ilhali bluu peke yake inaweza kufika megahezi 10 hadi 20. Wengi huweka kichujio cha bluu mbele ya fotodayodi ili kuitupa njano inayochelewa. Kinafanya kazi, ila unatupa sehemu kubwa ya mwanga, na silikoni haiipendi bluu sana. Mimi ningejaribu kwanza kurekebisha upande wa kutuma: kapasita ndogo sambamba na rezista ya kudhibiti mkondo, ili kila mwanzo wa mpigo upate msukumo wa ziada. Ikigoma, weka kichujio, au badili LED iwe ya rangi tatu zisizo na unga. Kikuza cha kwanza nacho kitahitaji kubadilishwa kiwe chenye kasi kubwa zaidi. Mbinu za OFDM, zinazogawa data kwenye masafa mengi madogo, ni nzuri mno, lakini zinadai LED iwe na mwitikio ulionyooka na maikrokontrola iwe na nguvu. Kwa megabiti 10 hazihitajiki.

Jiulize pia unautaka mwanga unaoonekana kwa sababu gani. Kama taa lazima iwake hata hivyo, au unachunguza mfumo wenyewe, endelea. Kama unataka data tu, infraredi inakuruhusu kuzima taa, haina unga unaochelewa, na silikoni huisikia vizuri kuliko bluu. Kiwango cha IEEE 802.11bb cha mwaka 2023, cha mawasiliano kwa mwanga, kimechagua infraredi ya nanomita 800 hadi 1,000. Hata ukibaki na mwanga unaoonekana darini, njia ya kurudi kutoka mezani ni afadhali iwe ya infraredi, kwani hakuna atakayetaka kifaa kinachommulika usoni kila kinapojibu.

Fanya kwa mpangilio huu: voltimita kwenye kikuza, rezista, Manchester pamoja na kizingiti kinachofuata wastani, kisha kina cha mwako wa taa, yaani ile tofauti ya mwanga kati ya 1 na 0. Badilisha kimoja kwa wakati na uhesabu makosa kila mara, mahali palepale na saa ileile, ili ujue kipi kimesaidia. Ukifika kwenye kina cha mwako utahitaji oskiloskopu. Kama huna, nenda kwenye maabara ya umeme ya chuo kilicho karibu na fotodayodi yako mkononi. Saa moja kwenye kifaa hicho itakuokoa wiki za kukisia, na mafundi wa maabara kwa kawaida hufurahi kuona kazi ya namna hii.

Na kama taa yako imeunganishwa moja kwa moja na umeme wa gridi, usiifungue wewe mwenyewe. Katika viendeshi vingi vya bei nafuu hakuna utengano kati ya gridi na LED, na kapasita zake hubaki na chaji ya kuua hata baada ya kuzima swichi. Ukiunganisha maikrokontrola hapo, kompyuta yako na mkono wako vyote viko kwenye gridi. Mwite fundi umeme mwenye leseni, mwambie unataka LED ilishwe na chanzo kilichotenganishwa cha volti 24 au 36, na usimame naye akiifunga. Kama chumba kinatumiwa na mtu mwenye kifafa, usijaribu kasi za chini wala programu zinazoweza kukwama taa ikimeta, mpaka umezungumza naye na daktari wake.

Nitumie picha ya sakiti ya kipokezi na volti ulizopima, pazia likiwa wazi na likiwa limefungwa, nami nitakupigia hesabu ya rezista.